Mizani ya Novemba: nani mkubwa kuliko wote kati ya wakimbiaji wanawake wa vyuo?



Novemba 2025, kwenye njia ya Gans Creek mjini Columbia, jimbo la Missouri, wanawake wa vyuo vikuu vya Marekani walikimbia kilomita 6 kumtafuta bingwa wao wa mbio za nyika. Jane Hedengren, msichana wa mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Brigham Young, alichomoka mapema na kuweka kasi ambayo wengi hawakuthubutu kuifuata. Doris Lemngole, Mkenya wa Chuo Kikuu cha Alabama, hakubabaika. Alimwacha atangulie, akapunguza pengo kidogo kidogo, akamfikia, akampita, akakata utepe kwa dakika 18 na sekunde 25.4. Lilikuwa taji lake la pili la nyika mfululizo. Hedengren akaja wa pili.

Wiki mbili baadaye, katika uwanja wa ndani wa Chuo Kikuu cha Boston, Hedengren huyo huyo alikimbia mita 5,000 kwa dakika 14 na sekunde 44.79. Rekodi ya vyuo ya uwanja wa ndani. Na aliyeporomoshwa ni Lemngole, ambaye mwaka mmoja nyuma, hapo hapo Boston, alikuwa amekimbia dakika 14 na sekunde 52.57.

Basi nawauliza ninyi mlioko kwenye redio jioni hii: kati ya hao wawili, mkubwa ni nani? Aliyeshinda siku ya ubingwa, au mwenye rekodi? Na tukishajibu hilo, tupande juu zaidi: katika miaka zaidi ya 40 ambayo wanawake wamekimbilia ubingwa wa NCAA, yaani chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko Marekani, ni nani anayesimama juu ya wengine wote?

Sitawaficha msimamo wangu hadi mwisho wa kipindi. Kati ya Lemngole na Hedengren, nasema Lemngole. Na juu ya Lemngole, hadi sasa, nasema bado yupo Sally Kipyego. Kipimo changu ni mbio za nyika za Novemba, na nitawaeleza kwa nini.

Kwanza tuelewane jinsi mambo yanavyokwenda huko, maana si kama kwetu. Mkimbiaji wa chuo ana misimu mitatu ndani ya mwaka mmoja wa masomo. Kuanzia Septemba hadi Novemba ni nyika. Kuanzia Desemba hadi Machi ni uwanja wa ndani, wenye mzunguko wa mita 200. Kisha hadi Juni ni uwanja wa nje. Huyo huyo binti anayeamka saa kumi na moja alfajiri kufanya mazoezi ana mtihani wa kemia saa nne. Na katika nyika hakimbii peke yake: kila timu inapanga watu 7, nafasi za 5 wa kwanza zinajumlishwa, na timu yenye jumla ndogo ndiyo bingwa. Kwa hiyo bingwa wa mtu mmoja mmoja anabeba pia wenzake, na kocha wake anamhesabu kwa mizani mbili kwa wakati mmoja.

Sasa, kwa nini nyika? Kwa sababu katika nyika saa haina la kusema. Mwangalieni Lemngole mwenyewe. Mwaka 2024 alishinda taji lake la kwanza kule Madison, jimbo la Wisconsin, kwa dakika 19 na sekunde 21. Mwaka uliofuata alishinda Missouri kwa dakika 18 na sekunde 25. Je, aliongezeka kasi kwa karibu dakika nzima katika miezi 12? La hasha. Njia ni tofauti, vilima ni tofauti, ardhi ni tofauti. Anayekuletea muda wa nyika kama hoja hajakuletea kitu. Kilichobaki ni nafasi uliyomaliza mbele ya wanawake zaidi ya 250 waliopangwa kwenye mstari mmoja, wakiwamo wazuri wa mita 1,500 na wazuri wa mita 10,000, wote siku moja, bila mweka kasi wa kulipwa, bila taa za kuonyesha mwendo pembeni mwa njia. Hakuna pa kujificha. Mwenye mbio fupi hawezi kusema mbio zangu ni kesho, na mwenye mbio ndefu hawezi kusema nangoja Juni.

Boston mwezi Desemba ni jambo lingine kabisa. Ule uwanja una kona zilizoinuliwa, na sifa yake ya kuzaa muda wa kasi inajulikana duniani kote. Watu hupanda ndege kwenda pale kwa sababu moja tu: muda. Sisemi ni haramu. Hedengren alikimbia mita 5,000 kwa miguu yake mwenyewe, na binti aliyetoka shule ya sekondari kule Utah miezi michache kabla, akiwa tayari amekimbia umbali huo chini ya dakika 15 akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, ni kipaji cha kumshangaza yeyote. Nataka tu tujue tunapima nini. Pale tunapima mwendo wa mtu mmoja dhidi ya saa katika mazingira yaliyoandaliwa yamsaidie. Novemba tunapima mtu dhidi ya watu.

Kuna mwenzangu atanijibu: rekodi nayo ni ya kweli, imeandikwa, haibishaniwi. Haya, tuifuate rekodi moja tuone inatupeleka wapi. Tuchukue mita 10,000. Mwaka 2008 Sally Kipyego, akiwa Texas Tech, alikimbia dakika 31 na sekunde 25.45. Mwaka 2010 Lisa Koll wa Iowa State akaja na 31:18.07. Kisha kimya cha miaka 14. Mwaka 2024 Parker Valby wa Florida, katika mbio zake za kwanza kabisa za umbali huo, akakimbia 30:50.43. Ukisoma orodha hiyo kwa macho matupu, utasema Valby anamzidi Kipyego kwa sekunde 35, mjadala umekwisha.

Lakini katikati ya 2010 na 2024 kilitokea nini? Viatu. Kuanzia karibu mwaka 2020 viwanjani wakimbiaji wameingia na viatu vya misumari vyenye povu jepesi linalorudisha nguvu na bamba gumu ndani yake. Muda ukaanza kushuka kila mahali, wanaume kwa wanawake, vyuoni na nje ya vyuo. Rekodi ya ndani ya mita 5,000 ambayo Jenny Barringer wa Colorado aliiweka mwaka 2009, dakika 15 na sekunde 1.70, ilikaa zaidi ya miaka 14. Valby aliipiga Desemba 2023. Tangu hapo, ndani ya miaka miwili tu, imepigwa tena na tena hadi kufika 14:44. Mwili wa mwanadamu haukubadilika ghafla baada ya kulala miaka 14. Kipyego alikimbia na kiatu chembamba cha zamani, misumari chini na karibu hakuna kitu kingine. Sekunde 35 katika mizunguko 25 ni chini ya sekunde moja na nusu kwa mzunguko. Ni kiasi gani cha hizo ni kiatu, na ni kiasi gani ni Valby, nani atatuambia? Ndiyo maana narudi Novemba.

Na Novemba ndiyo makao ya Sally Kipyego. Huyu ni binti wa Kapsowar, Marakwet. Alianzia chuo kidogo cha South Plains, mjini Levelland, Texas, kisha akahamia Texas Tech kule Lubbock, nchi tambarare ya pamba na upepo, mbali sana na mabonde ya kwao. Mwaka 2006 akashinda ubingwa wa nyika. Mwaka 2007 akashinda tena, na miongoni mwa walioachwa nyuma siku hiyo alikuwamo Jenny Barringer, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia. Mwaka 2008 akashinda mara ya tatu, mwanamke wa kwanza kutwaa taji hilo mara tatu mfululizo. Ukijumlisha na ya uwanjani, ya ndani na ya nje, anafikisha mataji 9 ya NCAA. Suzy Favor wa Wisconsin naye alikusanya 9 miaka ya nyuma, lakini nguvu zake zilikuwa katika mbio za kati, hasa mita 1,500 ambazo alizishinda nje mara nne mfululizo kuanzia 1987 hadi 1990. Kipyego aliyachukua yake katika nyika, na katika mbio ndefu za uwanjani. Na wakati huo huo alikuwa anasomea uuguzi. Anayejua masomo ya uuguzi yanavyombana mwanafunzi, na zile zamu za wodini, atanielewa nikisema hapo nainua mikono.

Nimemtaja Barringer mara mbili, na ningekuwa mwoga kama ningempita haraka, kwa sababu yeye ndiye hoja nzito kuliko zote dhidi yangu. Mwaka 2009 alikuwa na msimu ambao chuo chochote hakijawahi kuuona. Ndani alivunja rekodi za vyuo za umbali baada ya umbali. Nje, katika mashindano ya Prefontaine mjini Eugene, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 59.90. Kiangazi hicho hicho, kwenye mashindano ya dunia mjini Berlin, alikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa dakika 9 na sekunde 12.50. Aliporudi chuoni kwa msimu wa mwisho wa nyika, kila mtu alijua taji ni lake. Ilikuwa suala la kumvika tu. Basi Novemba ikafika, kule Terre Haute, Indiana. Barringer aliongoza, akaongoza, kisha miguu ikamkatalia katikati ya njia. Alianguka. Akainuka, akamaliza wa 163. Taji likaenda kwa Angela Bizzarri wa Illinois.

Kuna wanaosema siku moja mbaya haifuti mwaka mzima, na kwa maisha yake yote ya riadha nakubaliana nao. Miaka miwili baadaye, mjini Daegu, Barringer, wakati huo akiitwa Jenny Simpson, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 1,500, na baadaye akapata shaba ya Olimpiki mjini Rio. Kama swali letu lingekuwa ni mwanafunzi gani aliyewahi kuwa na mwaka mmoja wa ajabu kuliko wote, ningemtaja yeye bila kusita. Lakini tunauliza ukubwa wa mkimbiaji wa chuo. Na mkimbiaji wa chuo mkubwa ni yule ambaye wapinzani wote wanamjua, wanamngoja, wamemwandalia mtego, na bado Novemba baada ya Novemba anatoka na taji. Kipyego alifanya hivyo mara tatu. Barringer hakufanya hata mara moja.

Juu ya Katelyn Tuohy wa North Carolina State nitasema machache. Alishinda nyika mwaka 2022 kule Stillwater, mbele ya Valby, na alikuwa nguzo ya timu iliyochukua ubingwa wa timu mara tatu mfululizo. Kisha akaondoka chuoni mapema kwenda kukimbilia fedha. Haki yake. Ila nilitamani tungemwona akirudi mara nyingine.

Valby ndiye ambaye mwaka 2024 karibu anilazimishe kubadili mawazo. Nyika ya 2023 alishinda, na aliyemfuata wa pili alikuwa Lemngole, wakati huo akiwa mwaka wa kwanza. Ndani akachukua mita 3,000 na 5,000. Nje, Juni, mjini Eugene, akachukua mita 10,000, na siku mbili baadaye mita 5,000 kwa 14:52.18. Mwaka mmoja wa masomo, kila taji alilolikimbilia akalipata. Na jambo linalonivutia kwake kuliko hata hayo ni namna alivyofika hapo. Kwa sababu ya majeraha, Valby alikuwa anakimbia siku mbili au tatu tu kwa wiki. Siku nyingine alikuwa kwenye bwawa la kuogelea au kwenye mashine ya mazoezi inayoiga kukimbia bila kuugonga mguu chini. Makocha wengi waliolelewa kwa hesabu ya kilomita 160 kwa wiki walitikisa vichwa.

Hapo ndipo tunapoingia katika jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko orodha yoyote ya muda. Mwili wa mwanamke kati ya miaka 18 na 22 unabadilika kwa njia ambayo wa mwanamume haubadiliki. Mvulana katika miaka hiyo anazidi kupata misuli na kasi bila hata kujitahidi sana. Msichana anakomaa, uzito wake unagawanyika upya, na mara nyingi muda wake unasimama au hata kurudi nyuma kidogo kabla ya kupanda tena. Lauren Fleshman, aliyekimbia Stanford na kutwaa mataji 5 ya NCAA, aliliandika hilo kwa uchungu katika kitabu chake cha mwaka 2023, Good for a Girl. Anasema mfumo mzima ulijengwa juu ya ukuaji wa mvulana, na msichana anayepita katika hali yake ya kawaida anaonwa kana kwamba ameharibika. Wengine wanajinyima chakula ili warudi kwenye mwili waliokuwa nao wakiwa na miaka 16. Hedhi inakoma, mifupa inapata nyufa, na kipaji kinazimika akiwa na miaka 20. Kwa hiyo mnaponisikia nikisita kumtawaza binti wa mwaka wa kwanza mwenye rekodi, msidhani namwonea wivu. Nawaombea wote wanaoandika habari zake wampe nafasi ya kuwa na mwaka wa pili wa kawaida, wa tatu mbaya kama ikibidi, na wa nne mzuri. Rekodi ya Desemba haina haki ya kumdai rekodi nyingine kila Desemba.

Huku kwetu, hasa Eldoret na Iten, mjadala unachukua sura nyingine. Utasikia mzee akisema: msichana akienda Marekani wanammaliza, wanamkimbiza kila wikendi kwa ajili ya jina la chuo, akirudi hana kitu. Na anakutajia Beatrice Chebet na Faith Kipyegon, ambao hawakukimbilia chuo chochote huko. Walikaa nyumbani, wakaingia katika polisi, na leo rekodi za dunia ni zao. Mfano huo ni wa kweli kabisa. Lakini angalieni na upande wa pili wa daftari. Kipyego alimaliza chuo, akapata medali ya fedha ya mita 10,000 Daegu mwaka 2011, siku ambayo Wakenya walishika nafasi zote nne za mbele. Mwaka 2012 London akapata fedha ya Olimpiki, nyuma ya Tirunesh Dibaba na mbele ya Vivian Cheruiyot. Alikimbia hadi akawa mama, akachukua uraia wa Marekani, na Februari 2020, akiwa na miaka 34, akamaliza wa tatu katika mchujo wa marathoni ya Olimpiki wa Marekani mjini Atlanta. Aliyeshinda siku hiyo ni Aliphine Tuliamuk, naye mzaliwa wa Kenya aliyepitia chuo, Wichita State. Wa pili alikuwa Molly Seidel wa Notre Dame, bingwa wa nyika wa 2015, ambaye baadaye alipata shaba ya Olimpiki kule Sapporo. Watatu wote zao la vyuo.

Na Sharon Lokedi, binti wa Burnt Forest? Alikuwa bingwa wa NCAA wa mita 10,000 mwaka 2018 akiwa Kansas. Mwaka 2022 akashinda marathoni ya New York, mara yake ya kwanza kukimbia umbali huo. Aprili 2025 akashinda Boston kwa saa 2, dakika 17 na sekunde 22, rekodi ya njia ile, akiwa na miaka 31. Huyo aliyemalizwa yuko wapi?

Kuna kingine ambacho wazee wangu hawakihesabu. Mwaka 2021 tulimzika Agnes Tirop, aliyeuawa nyumbani kwake Iten wiki chache baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 barabarani katika mbio za wanawake pekee. Mwaka 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda akachomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia. Siwezi kusema shahada ingewaokoa, na sitathubutu kusema hivyo juu ya wafu. Ninachosema ni kwamba msichana aliyekaa miaka minne ugenini, ambaye fedha zake anazijua mwenyewe, hati zake ziko mkononi mwake, na ana kazi ya uuguzi au uhasibu inayomngoja hata goti likivunjika, ana nafasi ya kusema hapana ambayo wengi wa wasichana wetu hawana. Hilo nalo ni sehemu ya kudumu katika riadha, na asiyedumu havunji rekodi.

Wamarekani nao wana manung'uniko yao. Wanasema Wakenya wanafika wakiwa na umri mkubwa, wanashindana na watoto wa miaka 18. Kwa sehemu nawaelewa. Kipyego alikuwa karibu na miaka 21 aliposhinda taji la kwanza. Lakini sheria za NCAA zinawaruhusu, na Hedengren wa mwaka wa kwanza amewaonyesha kwamba umri hauzuii mtu kuwa wa pili nchi nzima na kushika rekodi. Afadhali wakubwa hao wawepo, ili huyo mdogo akishinda ajue ameshinda kweli.

Sasa nafasi za rekodi, maana najua wengine mmekaa mnangoja hapo. Juni 14, 2025, Eugene, Lemngole alikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa dakika 8 na sekunde 58.15. Mwanafunzi wa chuo wa kwanza kushuka chini ya dakika 9. Ili mwone uzito wake: mwaka 2008 Gulnara Samitova-Galkina wa Urusi alishinda dhahabu ya Olimpiki mjini Beijing kwa 8:58.81, mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 9, na ile ilikuwa rekodi ya dunia. Lemngole angemshinda. Wiki tatu baada ya mbio za Lemngole, katika uwanja huo huo wa Hayward, Kipyegon alikimbia mita 1,500 kwa 3:48.68 na Chebet mita 5,000 kwa 13:58.06, rekodi za dunia mbili jioni moja.

Je, yuko mwanafunzi wa chuo anayeweza kuifikia rekodi ya dunia? Katika mita 5,000, kutoka 14:44.79 hadi 13:58.06 ni karibu sekunde 47. Katika mita 10,000, kutoka 30:50.43 hadi 28:54.14 ya Chebet ni karibu dakika 2 kamili. Huko tusidanganyane. Kwenye viunzi na maji pengo ni sekunde 14 hivi hadi 8:44.32 ya Beatrice Chepkoech, aliyoiweka Monaco mwaka 2018. Zinaonekana chache. Lakini dunia nzima ilihitaji miaka 10, kutoka Beijing hadi Monaco, kuzifuta sekunde kama hizo hizo. Naona medali kubwa mikononi mwa Lemngole kabla sijaiona rekodi ya dunia.

Kwa rekodi za vyuo, hivi ndivyo ninavyoona. Ya mita 10,000 ya Valby haitadumu. Viatu vipo, na wasichana wenye nguvu za kuivunja wapo, akiwamo Pamela Kosgei wa New Mexico aliyechukua mita 5,000 na 10,000 pamoja Juni 2025 akiwa mwaka wa kwanza. Ile 8:58.15 itakaa miaka mingi, isipokuwa mwenyewe airudie. Na mataji matatu ya nyika mfululizo? Lemngole ana mawili. Akijipanga tena kwenye mstari Novemba 2026 akiwa na jezi ya Alabama, na akashinda, nitakaa mbele ya kipaza sauti hiki niseme kwamba wapo wawili, yeye na Sally. Bila taji hilo la tatu, hata akivunja rekodi zote za ndani na za nje, kwangu mimi Sally Kipyego anabaki peke yake pale juu.

Tuandikieni mnaopinga, na hasa wa Burnt Forest.